Kinachokunywa Usiku

Betri ya tatu hii tangu Shaabani,
anasema Bi Shinuna, na anaizaba boneti kofi
kama mtoto aliyesinzia darasani.
Agosti, sanaiya ya Maabela, saa nne asubuhi:
spana ukiiacha juani huiokoti tena kwa mkono mtupu.

Naipima kwanza kabla ya kuituhumu.
Waya mwekundu chanya, mweusi hasi.
Volti kumi na moja na nukta mbili.
Maiti hiyo, maiti yenye dhamana ya mwaka.
Naichaji mpaka adhuhuri, naiacha ipoe,
kisha naibebesha mzigo: taa zote, feni, starta inaguna.
Inashuka hadi kumi na nukta moja, inasimama hapo, haiyumbi.
Nzima, namwambia.
Joto la huku huziua, kweli,
maji hukauka kama ya birika iliyosahauliwa jikoni,
lakini hii haikufa kwa joto.
Hii inanyonywa.

Gari lake hulala siku sita uani, Al-Khoudh,
likaamka Ijumaa kwenda Bidbid kwa dada yake.
Siku sita ni nyingi kwa mwizi mvumilivu.
"Kikulacho..." naanza.
"Ki nguoni mwako," anamaliza. "Usinifundishe methali, mwanangu.
Nimezisomesha Wete miaka tisa."

Nalegeza nati ya hasi. Kati ya waya na betri
naiweka mita yangu iwe daraja:
kitakachopita, kipite mbele ya macho yangu.
Kitasa cha mlango nakibana kwa bisibisi, gari lidhani limefungwa.
Funguo nazipeleka mbali, kwa Shaji wa matairi.
Tunangoja.
Magari ya siku hizi hayalali upesi,
yana mambo ya kuwaza, kama watu wazima.
Dakika kumi. Ishirini.
Bi Shinuna anakunywa chai ya Shaji, anailaumu sukari, analipa ya wote.
Ampea tatu. Moja na nusu.
Kisha mita inagoma kwenye nukta nne mbili.

Kuna kitu kiko macho ndani humu.

Nachomoa fyuzi. Ya redio: nukta nne mbili.
Ya taa za ndani: nukta nne mbili.
Honi. Vioo. Kiberiti cha sigara ambacho hajakigusa maishani.
Nukta nne mbili, nukta nne mbili,
kama mtu anayekataa kutaja jina.
Zote zimetoka, sanduku limebaki kibogoyo,
na bado inasoma.
Basi mwizi hapiti mlangoni. Ametoboa ukuta.

Naufuata kwa vidole: waya mwembamba, si wa kiwandani,
umezungushiwa utepe mweusi na mtu asiye fundi ila mwenye subira,
unapita nyuma ya dashibodi, chini ya zulia,
mpaka kwenye kijisanduku kama cha kiberiti.
Taa ya kijani inapepesa, haraka haraka.

"Hicho alikiweka Zahrani," anasema.
"Kabla hajaenda Marmul, kwenye visima. Ili ajue nimefika."

Nakifungua. Kadi ya simu imekwisha muda,
miaka miwili, labda zaidi.
Kingepaswa kuamka mara moja, kitume, kilale.
Lakini hakijibiwi,
basi kinaita usiku kucha, kinaita,
na kila kiitapo kinakunywa kidogo.

Sijui hili huambiwaje mtu aliyekulipia chai.
Nalisema kifundi: kadi imekufa, Bi Shinuna. Hakuna anayepokea.

Nakata. Mita inaanguka, nukta sifuri mbili.

Riali tano. Leo haombi punguzo.
"Nikitupe?"
"Nipe."
Anakishika kiganjani, bado kina joto,
anakigeuza, anatafuta kama kimeandikwa chochote.
"Miaka miwili," anasema.
"Na mimi kila Ijumaa nikifika Bidbid
nakaa garini kidogo kabla ya kuteremka,
nimpe nafasi aone."