Kijitone

Tartu, Januari. Shule imefungwa kwa theluji
nami sina wa kumwachia Kirke.
Yuko maabara, juu ya stuli, miguu haifiki chini,
koti langu jeupe limemmeza.

Nimeuinamisha ubao kidogo tu.
Matone ya gliserini nimeyagaagaza
katika vumbi la kangaga, la manjano;
hayalowi ubao tena, yamekaa kama shanga:
moja ukubwa wa mtama, moja wa kunde.
"Lipi litatangulia?"
"Kubwa," asema. "Lina nguvu. Naweka pipi yangu."

Naachia.

La mtama lishafika sahanini,
la kunde bado linajikokota na tumbo lake.
Kirke ananitazama kama mtu aliyeibiwa.

Namwonyesha kwa lenzi: kubwa limelemewa na uzito wake,
limekanyaga kwa unyayo mzima;
dogo limesimama kwa ncha ya kidole.
Katikati ya tone hakuna ugomvi,
kimiminika chote chageuka pamoja, kama gurudumu la mbao.
Ni pale chini tu, linapogusa,
ndipo linaposagika.
Mwenye kugusa mengi huchelewa.
Mkubwa ni jalala, nasema moyoni,
nikiwaza kodi, dawa za mama,
na kiatu cha kushoto cha Kirke kinachovuja.

Baada ya chai Urmas atuita chumba cha sumaku.
Tone la maji laelea hewani, bila uzi, bila kitako.
Analizungusha.
"Chungwa," Kirke ataja. Urmas aongeza kasi.
"Mkate."
Kisha tone likachagua upande,
hakuna aliyeliambia upande upi,
likarefuka, likaota kiuno.
"Karanga!"
Kiuno kikawa uzi. Uzi ukakatika.

Mawili, kila moja na njia yake,
na kati yao kijitone cha tatu,
kinatetemeka pale uzi ulipokuwa.
Urmas akaandika: mawili.

"Mama, tone husikia kizunguzungu?"

Urmas akakohoa, akatafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwake.
Nikasema sijui. Nikasema hilo bado halijapimwa.

Saa kumi giza limeshaingia. Kituo cha basi,
mto umeganda, taa zake za njano.
Pipi nimemrudishia. Kaing'ata katikati,
nusu kanipa, nusu kaitia mfukoni:
ya Jumamosi, asema, akienda kwa baba yake.
Unga wa sukari umebaki kwenye glavu.
Akaulamba.