Kabla ya Treni ya Mpanda

Kalunde, nianze na asali, kabla sisimizi hawajakuambia.
Usiku wa pili tangu uondoke
nilikula muhogo wa kuchoma kitandani. Ndiyo, kitandani,
redio kifuani, kibakuli cha asali ya Sikonge gotini,
na goti likajisahau.

Kulipokucha walikuwa wamepanga foleni toka dirishani
hadi katikati ya mfarishi wako,
ule ulioushona kwa mkono ukiwa na mimba ya Mihayo,
pamba ya Nzega umeichambua mwenyewe, gunia zima,
bitana ya marekani, juu kitenge cha samawati.

Mimi najua kufua ovaroli.
Miaka thelathini na moja karakana ya reli imenifunza
kwamba grisi haibembelezwi.
Nikauloweka, nikamaliza mche mzima wa sabuni,
nikaukanyaga kwa miguu kama anayeponda udongo wa matofali,
nikaufunga ncha moja kwenye mpera
nikasokota,
nikasokota,
ukalia maji yake yote, nami nikajisifu.

Jua la Isevya likakamilisha uharibifu.
Jioni nilipoutandika, uligoma kulala.
Kichuguu huku, bonde kule,
pamba yote imekimbilia pembeni kama vifaranga waliosikia mwewe,
kitenge kimekunja uso.
Nikapapasa: jiwe, jiwe, hewa, jiwe.
Nikalala mkekani. Niliona haya kuulalia.

Bi Kabula wa nyumba ya pili alicheka mpaka akashika ukuta.
"Fundi mzima wa mabehewa!"
Kisha akanyamaza, akabonyeza bonge moja, akasema:
"Fimbo weka chini. Pamba iliyoshikana ukiipiga, inashikana zaidi.
Inyunyizie maji kidogo, kama tumbaku kabla ya kufunga robota.
Fumua ubavu mmoja. Kaa kitako. Chambua.
Na usiulize itaisha lini."

Siku nne, Kalunde.
Vidole hivi vinajua nati, vinajua kukaza;
kulegeza havikuwahi kufundishwa.
Bonge la kwanza nililipasua vipande, likawa vibonge sita.
La pili nikalishika kama yai,
nikavuta unyuzi, nikavuta unyuzi,
mpaka likawa jepesi nikaona mwanga wa dirisha upande wa pili.
Hapo nikazima redio.

Ndipo nilipoufikia mshono wako.
Unakwenda sawasawa, safu kwa safu, tangu miguuni,
halafu karibu na mto, upande wako,
tundu kama kumi na mbili zimeyumba,
uzi umekatika, umeungwa, umeyumba tena.
Ulikuwa uchungu umekushika?
Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Nilirudi nikakuta mtoto, na mfarishi umekwisha.
Hukusema kitu. Sikuuliza kitu.
Nimelala sentimita kumi kutoka hapo miaka ishirini na sita.

Hizo tundu sikuzifumua.

Kwingine nimepiga bandi kuanzia katikati kwenda kingoni,
mshono wangu unapepesuka kama mtu anayetoka kilabuni,
utautambua hata gizani.
Pasi ya mkaa nimeipitisha upande wa bitana,
juu yake kitambaa kibichi, polepole,
nikiinua, nikiweka, bila kuburuta.
Mikunjo mingi imekwenda na mvuke.
Michache imesema itabaki, nikaiacha, nami nina yangu usoni.

Stesheni wanasema treni imechelewa.
Saa tano, labda saa nane, wanajua wao.
Nimetandika. Nimekung'uta mito. Asali nimeirudisha kabatini,
rafu ya juu.

Limebaki bonge moja tu, dogo kama kungumanga,
limekataa maji, limekataa kidole, limekataa pasi.
Nimelisukuma ndani kwa ndani, kidogo kidogo,
toka kwenye ubavu wako,
likavuka katikati,
likatulia huku kwangu.

Wewe fika tu, ulale.