Tangi Jipya, Ibri

Tangi la kale lilikaa ndani, nyuma ya kiti,
pamoja nasi.
Utotoni nililala nikisikia petroli ikichapa mgongoni
kila baba alipokata kona ya Dhank.

Leo Humud kalitoa.
La alumini, kutoka Sharja, tumelifunga chini ya bodi:
mikanda miwili, boliti sita.
Moja ilikataa. Tukapanua tundu kwa tupa.

Lita sabini zimeingia,
mshale umelala kwenye sifuri.
"Geji ya kale, boya jipya,"
kasema Humud kwa Kiswahili cha mamake.
"Lugha gongana."

Nimeondoka hivyo hivyo, nahesabu kilomita kichwani.
Harufu hakuna.
Nyuma ya kiti, pale palipokuwa na uzito,
chupa ya maji inabingirika
kila kona.