Unywele wa Mita Ishirini

Safu ya zamani ilikuwa na mita mia moja,
imejikunja ndani ya tanuri kama chatu aliyeshiba.
Ukiidunga tone la petroli saa mbili asubuhi
unaenda zako: chai, hesabu za mitungi,
simu ya mama kutoka Ahero kuhusu mpunga,
unarudi, na tolueni ndiyo kwanza anabisha hodi.

Sikuichukia. Ilikuwa ya kweli.
Iliweza kumtenga isooktani na heptani,
watoto wa tumbo moja wanaotembea bega kwa bega,
ikawapa kila mmoja kilele chake, na nafasi katikati
ya kupitisha wembe.
Lakini ukweli wake ulitembelea mkongojo.

Ijumaa moja ya Machi
sampuli ya mafuta ya taa kutoka Otonglo
ilikuwa ya nne kwenye foleni.
Nne, mara saa mbili na nusu. Piga mwenyewe.
Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya matangi ya bohari
nilipoviona: vilele vyepesi, vya petroli,
vimesimama mwanzoni mwa karatasi
mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu.
Nikapiga simu.
Yalikuwa yameuzwa tangu adhuhuri,
kwa chupa, kwa kopo, kwa mkopo.
Truphosa wa Obunga alikuwa na unga wa mandazi umeumuka.
Akawasha jiko.

Ripoti yangu ilikuwa sahihi.
Ilikuwa na tarehe, saini na muhuri.

Bwana Shikuku wa ununuzi alianza, "Haraka haraka..."
nikamkatiza kwa ile nyingine, ya ngoja ngoja na matumbo.
Nikamchorea nyuma ya ankara:
mita ishirini tu,
tundu lake sehemu ya kumi ya milimita,
na utando mwembamba ndani, usio na upendeleo,
kila mmoja atoke kwa zamu ya mchemko wake.
Heliamu apumzike, ni ghali na mzito wa miguu;
haidrojeni ashike usukani
(na king'amuzi cha kuvuja kiwe juu ya mlango, Bwana Shikuku,
hilo si ombi).
Na kwa benzini, safu ya pili, yenye nta:
hiyo huwashika mkono wale wenye pete
na kuwaacha wengine wapite.

"Tutapoteza nini?" akauliza.
Swali zuri; sikulitegemea kwake.
Koo, nikasema. Unywele huu una koo dogo.
Ukiulisha tone la kawaida utapaliwa,
vilele vitalala ubavu kama mahindi baada ya mvua ya mawe.
Lazima tujifunze kuulisha kidogo.

Ulifika Agosti ndani ya boksi jepesi kuliko mkate.
Nilikata ncha yake mara tatu chini ya lenzi,
kwa sababu ncha iliyokatwa mshazari husema uongo
kwa sauti ya kawaida kabisa.
Stima ikapotea, ikarudi. Nikaanza upya.
Halafu
dakika kumi na nne.
Nilidhani nimekosea. Nikarudia: kumi na nne,
na isooktani na heptani wangali wameachana,
si kwa nafasi ile ya zamani, lakini wameachana.

Wiki hiyo hiyo lori la Mutoro lilisimama langoni.
Hakuwa amemaliza soda yake
nilipotoka na karatasi ingali na joto la printa.
"Geuza," nikamwambia. "Halishuki hata lita moja."
Aliapa kwamba yeye ni dereva tu. Nilimwamini.
Akageuza.

Jioni hupitia Obunga.
Truphosa siku hizi anauza mahindi ya kuchemsha, kwa makaa.
"Nasikia mmeleta mashine mpya."
"Mashine ni ile ile," nikasema, "tumebadilisha uzi wake tu."
"Inafanya nini?"
"Kazi ile ile. Ila inawahi."
Hakusema kitu.
Akaanza kunihesabia chenji, sarafu moja moja,
kwa vidole ambavyo moto uliviunganisha,
nami, mwenye dakika kumi na nne,
nikangoja.