Hotensia ya Kahambu

Mama aliyahesabu maua yake kila asubuhi:
vichwa kumi na viwili, vya buluu,
kila kimoja kama kichwa cha mtoto mchanga.
Siku moja akakuta kumi na kimoja
na tawi limekatwa mshazari, chini tu ya kifundo.
"Mwizi huyu," akasema, "kazi anaijua."

Tulimjua. Nyuma ya ukuta wa mawe meusi
Kahambu alikuwa na kopo la maziwa lililotobolewa kitako,
kijiti kimoja, majani mawili,
nayo yamepunguzwa nusu kwa mkasi
yasidai maji ambayo mizizi bado haijajua kuyatafuta.
Juu yake mfuko wa sukari, kama chandarua.
Mama alichungulia, akanyamaza.
Akangoja ua.

Ua likatoka la waridi.
"Tazama rangi, Mama Ndoole! Lako buluu,
langu hili hapa. Wapi na wapi?"
Miaka sita hawakuombana chumvi.

Wakati ule sikujua kwamba hotensia haina rangi yake,
huuliza udongo.
Jivu la jiko alilolimwaga Kahambu pale kila jioni
ndilo lililojibu.

Kisha mlima ukapasuka ubavu.
Tulikimbilia Sake na godoro na redio,
na tuliporudi Goma hapakuwa na pa kurudi:
moto ulikuwa umekula parseli yetu yote,
ukapoa shavu lake likiegemea ukuta wa Kahambu.
Ukuta ule ulionipita kichwa
sasa unanifika gotini.
Kwetu kumepanda juu. Kumekuwa jiwe.

Aliniona nimesimama tu.
Akaja na kisu cha kumenyea viazi. Hakukata.
"Kijiti hufa," alisema. "Mtoto huyu usimtoe kwa mamaye.
Mlaze."

Nilileta gunia la udongo wa Kibumba kwa chukudu,
nikajaza ufa mmoja wa lava, upana wa karai.
Akalivusha tawi refu juu ya ukuta, akalipinda
polepole, kama mtu anayemvisha mgonjwa shati,
akalikwaruza tumbo penye kifundo,
akalifukia shingo, ncha ikabaki nje.
Jiwe la kugandamizia
halikuwa shida kulipata.

"Nilimwibia mama yako," akasema,
akiwa bado ameinama, akiuambia udongo.
"Alijua."
"Najua alijua. Kila nikimwagilia, alikohoa."

Wiki ya kumi leo. Nalivuta kwa vidole viwili:
linanikatalia. Limeshika.
Kahambu anasema sasa ni kulikata tu,
lijitegemee, ukuta ubaki ukuta.
Kisu ninacho. Nakinoa, nakirudisha kwenye kopo.
Upande ule linanyonya bado,
upande huu limeanza kula,
na sioni ni nani anayedhulumiwa.

Mama anapiga simu kutoka Bukavu, kwa dada.
Haulizi nyumba, haulizi mabati.
"Rangi gani?"

Nachuchumaa. Chipukizi ni la kijani,
limefumba ngumi.

Bado, mama.
Linaonja.