Kibao Chenye Kosa

Kibao kimefika Arua kwa basi la usiku kutoka Kampala,
kimeviringishwa gazeti, kimelazwa juu ya magunia ya sukari
kama mgonjwa aliyekubali safari.
Shaba tupu. Herufi zimechongwa kwa mkono usiotetemeka:
majina matatu, na chini yake
KWA HESHIMA YA WASIKILIZWAJI WETU.

Katibu wa kamati ndiye aliyeona kwanza.
"Wasikilizaji!" akajipiga paja. "Tuliandika wasikilizaji!"
Wengine wakacheka.
Mweka hazina hakucheka, alikuwa anakumbuka bei.

Mimi ni wa Jumanne, saa tisa alasiri.
Ndivyo tulivyojuana pale, kwa siku na saa;
majina tuliyaacha nje pamoja na viatu.

Nianze na Daktari Ezaruku,
aliyerudi kutoka ng'ambo na sanduku la vitabu
mchwa wakavisoma kabla yetu.
Kochi hakupata. Akanunua kitanda cha kamba,
akaketi nyuma ya kichwa chako, pale usipomwona,
na kalamu isiyoandika.
Saa yake aliifunika leso.
Mvua ikipiga mabati hatukusikizana,
naye hakupaza sauti. Tulikaa tu.
Watu walisema: huyu analipwa kwa kunyamaza.
Alilipwa karanga. Alilipwa jogoo mmoja mkorofi
aliyewika katikati ya ndoto za watu.

Kisha Nesi Candiru,
jina ambalo kwa Kilugbara ni taabu.
Yeye ndiye aliyethubutu kuuliza: taabu ya nani?
Aliwaambia wakunga, jina si utabiri,
ni barua ya mama
iliyotumwa kwa anwani ya mtoto.
Ninalo daftari lake, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
na ndani yake ndoto za watoto waliovuka mpaka kwa miguu:
mmoja aliota mlango unaotembea,
mwingine sufuria inayomwita kwa jina la kaka yake.
Hakuzifasiri.
Aliandika tarehe, na pembeni: kesho nimuulize tena.

Na Farajala Marajan, Mnubi, fundi cherehani,
mkalimani wetu siku za Jumanne na Alhamisi.
Daktari alikuwa akitafuta neno
la kile kilichomo ndani yetu nasi hatukijui.
Kamusi ilimpa maneno marefu, yamevaa tai.
Farajala, pini mdomoni, akasema: uvunguni.
Kila kitanda kina uvungu.
Mgeni akipiga hodi tunasukumia huko
kilichovunjika, kinachonuka, kisichokuwa chetu,
halafu usiku tunashangaa nini kinakwaruza.

Tangu hapo hatukuhitaji neno jingine.

Uvunguni mwangu mlikuwa na redio ya kaka yangu,
ingali inasema.
Miezi saba nilimweleza daktari bei ya tumbaku.
Mwezi wa nane, juu ya kamba zile,
nilitaka kusema nilimzika.
Nikasema nilimzima.
Kalamu isiyoandika ikaanguka sakafuni
na hakuna aliyeiokota.

Sasa kamati inabishana chini ya turubai.
Katibu anataka kibao kirudi kwa basi la leo,
fundi aifute hiyo herufi moja.
Nami namsikia marehemu, kwa sauti yake ile
ya mtu anayechelea kumwamsha mtoto:
Na kosa, lenyewe, lilitaka kusema nini?

Labda lilitaka kusema wa Jumatatu saa mbili,
aliyelia kwa Kiingereza tu.
Labda wa Ijumaa, ambaye alikuwa Candiru mwenyewe,
kwani naye alilala pale, viatu mlangoni.
Na daktari, nani alimsikiliza?
Hatukuwahi kuuliza. Karanga tulileta.

Nimeazima nyundo kwa mjukuu wa Farajala.
Wao wabishane.
Msumari wa kwanza umepinda.