Swichi Isiyozima

Nyegezi, saa nane usiku. Friji imenyamaza,
taa za mlima mzima zimekwenda na mgao.
Nimebaki na betri ya pikipiki, kompyuta yenye ufa,
na tone moja la ziwa.

Tone limekaa juu ya grafini:
kaboni ileile ya penseli, ila ganda moja tu,
jembamba hata kulitaja naogopa nitalikunja.
Huku dhahabu, huku dhahabu, mkondo unapita kati.
Ndani ya tone nimezamisha uzi wa fedha.
Huo ndio lango.

Ayoni hazivuki. Zinafika kizingitini
zinajipanga bega kwa bega, kama wageni
walioambiwa wasubiri, na hawaondoki.
Wamesogea mno; ukaribu huo ndio nguvu yake.
Nusu volti yatosha.
Niliwahi kuwa na tamaa, nikatia moja na nusu:
tone likatoa mapovu, ganda likachanika,
wiki mbili za kazi.

Leo napandisha kidogokidogo.
Mkondo unashuka, unashuka, unagusa bonde,
kisha unapanda ng'ambo ya pili:
kule yalipita matundu, huku zinapita elektroni.
Herufi V kwenye kioo,
na chini ya V hakuna sifuri.

Mama Kwandu, mwenye nyumba, aliniuliza jana
akichambua dagaa ukumbini:
"Swichi isiyozima, Minza, ni ya kazi gani?"
Nilicheka. Jibu sikuwa nalo.

Tone la pili ni la Mirongo,
pale mto unapolikabidhi ziwa uchafu wa mji.
Bonde likahama kushoto, milivolti arobaini!
Nikapiga makofi peke yangu gizani.
Halafu nikaona gundi imepasuka,
lango linavuja,
na nusu ya habari ile nilijivujishia mwenyewe.
Nikafuta. Nikaziba. Nikaanza upya.
Kumi na tisa.
Hizo ni za mto.

Saa kumi na moja umeme ukarudi,
friji ikakohoa, balbu ya uani ikawaka,
na V yangu ikaota manyoya:
nyaya za ukutani zinavuma, nazo zinasikika
mpaka ndani ya tone.

Nikatoka pekupeku hadi kwenye mita,
nikashusha swichi kuu.

"Nani kazima?" Mama Kwandu, chumbani.
"Mimi, mama. Kidogo tu.
Nasikiliza."